Kompyuta Yako Inazima Yenyewe Mchana? Kabla Hujanunua Nyingine, Angalia Hewa Inaingilia Wapi na Kutokea Wapi



Leo naongea na wenye steshenari, wanaofanyia watu maombi mtandaoni, wanaojaza miziki na filamu kwenye flashi, na yeyote mwenye kompyuta ya mezani inayomwingizia hela. Makala ni ndefu kidogo ila isome mpaka mwisho. Mimi somo hili nimelilipia, wewe lipate bure.

Ofisi yangu ni frem moja tu, ipo Mbagala. Nina kompyuta moja ya mezani, used, zile za maofisini zinazokuja kwenye kontena. Nina printa ya leza, mashine ya fotokopi na ya laminesheni. Kwa wasioijua kazi hii, Januari ndiyo mavuno yetu. Wazazi wa watoto wanaoingia kidato cha kwanza wanakuja kuchapisha fomu za kujiunga na shule, walimu wanaleta ratiba, vijana wanatafuta ajira. Na Januari hiyohiyo ndiyo Dar es Salaam inachemka. Nje nyuzi 32 au 33, ndani ya frem ya bati isiyo na dari ni zaidi ya hapo.

Januari ya mwaka jana mashine yangu ikaanza vituko. Asubuhi nzima kabisa. Ikifika saa saba mchana inakuwa nzito, unabonyeza kitu unasubiri. Saa nane inazima. Monita taa yake inawaka, feni ya mezani inazunguka, umeme upo, ila kompyuta imezima. Unawasha, inakaa dakika tano, inazima tena. Ukiiacha nusu saa inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Siku iliyoniuma ni hii. Alikuja kijana mmoja na bahasha ya vyeti, anaomba kazi mtandaoni, na siku yenyewe ndiyo ya mwisho. Nikaskani vyeti, nikaanza kumjazia. Tumefika kwenye kupandisha viambatanisho, ikazima. Tukaanza upya, ikazima. Mara ya tatu tulikuwa tumebakiza kubonyeza kutuma. Ikazima.

Nikamrudishia hela yake nikamwambia, "Mdogo wangu, kimbia pale mbele, wana mashine mbili." Akaenda. Kesho yake akapita, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Dada, nilikuta foleni. Mpaka nafika kwenye kiti, muda ulikuwa umeisha." Hakugomba, hakunilaumu. Alisema hivyo tu akaondoka. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

NILIVYOCHOMA HELA KWANZA

Sikuwa nimekaa tu. Hela nilikuwa natoa, ila kwa kitu kisicho sahihi.

Kwanza niliambiwa ni virusi. Nikapiga windo upya, shilingi 15,000. Asubuhi ikawa nyepesi nikashangilia, mchana ikazima.

Pili, fundi mmoja akaniambia pawa saplai imechoka. Nikanunua nyingine, 45,000 na ufundi ndani yake. Ilizima siku hiyohiyo.

Tatu, mwenyewe nikajiongeza kwamba ni joto. Hapo nilikuwa sahihi, ila dawa niliyotumia ndiyo ya ajabu. Nikanunua feni ya mezani kwa 35,000, nikaipachika nyuma ya kompyuta iipulize. Ikawa inazima mapema zaidi! Kwa nini, utaelewa mbele.

Jumla 95,000. Na nilishaanza kuulizia kompyuta nyingine, wananitajia laki tatu na nusu. Ningezitoa. Na nawaapia, hiyo nyingine nayo ingezima palepale, kwa sababu ningeiweka palepale.

MANENO YA FUNDI FRIJI

Frem ya pili kutoka kwangu kuna mzee mmoja fundi friji. Alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho akanikuta nimejishika tama. Nikamweleza. Akainama, akachungulia chini ya meza, akapeleka mkono nyuma ya kompyuta. Akauliza, "Binti yangu, hii hewa ya moto inaenda wapi?"

Nikasema, "Inatoka nyuma, mzee."

"Inatoka, inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Meza yangu ni ile ya mbao yenye kabati la CPU upande mmoja, na mlango wake. Nilikuwa naufunga kwa komeo kwa kuogopa wezi. Nyuma ya kabati kuna ubao, na nyuma ya ubao kuna ukuta. Hewa ya moto ilikuwa inatoka nyuma ya kompyuta, inagonga ubao, inazunguka, inarudi mbele, kompyuta inaivuta tena. Hewa ileile inachemshwa upya siku nzima.

Mzee akasema, "Friji nikikuta imebanwa ukutani, sianzi kufungua chochote. Naivuta kwanza. Friji kazi yake ni kutoa joto ndani na kulitupa nje. Ukilinyima pa kutupia, inakufa. Na hii yako ni hivyohivyo."

Akaleta kipimajoto chake. Hewa ya ofisini nyuzi 34. Ndani ya kabati nyuzi 47.

Hapa ndipo kuna somo lote la leo. Feni haitengenezi ubaridi. Feni inasogeza hewa tu. Kompyuta yenye feni haiwezi kupoa kuliko hewa inayoivuta. Ukiipa hewa ya nyuzi 47 badala ya 34, kila kitu ndani yake kinapanda kwa kiasi kinachokaribia hizohizo 13 za tofauti.

Na joto lenyewe si dogo. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta mwisho wake unageuka joto. Kompyuta inayokula wati 100 ni sawa na kuwasha ile balbu ya zamani ya wati 100 ndani ya kabati, ukafunga mlango, ukaenda kunywa chai.

Na ile feni yangu ya mezani? Niliiweka ipulize nyuma, kule ambako kompyuta inatolea hewa. Yaani kompyuta inasukuma joto nje, mimi nalirudisha ndani. Tulikuwa tunashindana.

KWANZA PIMA, USIBAHATISHE

Kuna programu za bure zinazoonyesha joto la prosesa. Mimi natumia HWMonitor, wengine wanatumia Core Temp. Unaiwasha, unafanya kazi zako za kawaida dakika 20, halafu unasoma namba.

Kwa hali ya hewa yetu, soma hivi:

Ikiwa imetulia haifanyi kazi, nyuzi 35 mpaka 50 ni sawa.

Ikiwa kazini, 60 mpaka 80 usiwe na hofu.

Ikipita 85 mara kwa mara, chukua hatua.

Ikikaribia 95 au 100, prosesa nyingi zinaanza kujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Hapo ndipo unaona mashine imekuwa nzito unasema virusi. Joto likizidi kupanda, inajizima. Siyo uharibifu huo, ni ulinzi. Mashine inajiokoa.

Yangu siku ile, ikiwa kabatini na kazi inaendelea, ilisoma 96.

MAJARIBIO MATATU YA BURE

Haya ndiyo yangeniokolea zile 95,000. Yafanye kwa mpangilio, na kila hatua fanya kazi dakika 20 kisha andika namba.

Jaribio la kwanza: itoe ilipo. Ivute kompyuta ikae mahali pa wazi, mbali na ukuta. Yangu ilishuka kutoka 96 mpaka 83. Ikishuka hivyo, ujue sehemu ya ugonjwa ni mahali, siyo mashine.

Jaribio la pili: izime, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu mmoja wa boksi, kisha iwashe ikiwa wazi. Usiingize mkono wala kitu chochote ndani ikiwa inawaka. Yangu ilishuka tena mpaka 76. Ikishuka sana ukifungua ubavu, maana yake ndani kuna kizuizi: matundu ya mbele yameziba, au feni ya boksi haifanyi kazi, au hewa haina njia.

Jaribio la tatu ni kusoma matokeo. Kama umeitoa nje, umeifungua ubavu, na bado joto haliteremki, basi shida ipo kwenye prosesa yenyewe: feni yake imekufa au inazunguka kivivu, kipozeo chake kimejaa vumbi, au pesti iliyo katikati imekauka.

Hiyo ndiyo faida ya kupima. Unajua unatibu nini kabla hujatoa hela.

Sasa mtu atasema, "Si niiache tu wazi ubavu?" Wengi tunafanya hivyo. Usiifanye iwe ndiyo suluhisho la kudumu. Vumbi linaingia mara mbili, mende na mijusi wanahamia, mtoto wa mteja anaingiza kidole. Halafu boksi nyingi za kiofisi zimetengenezwa hewa iingie mbele, ipite kwenye prosesa, itokee nyuma. Ukifungua ubavu, kwenye baadhi ya mashine hewa inakata kona na sehemu nyingine zinakosa upepo.

NDANI TULIKUTA NINI

Tukaifungua mimi na fundi kijana wa kompyuta, yule mzee amesimama pembeni. Mambo matatu.

La kwanza, matundu ya mbele yalikuwa yamezibwa na vumbi la karatasi lililoshikana kama pamba ya mto. Steshenari ina vumbi lake: karatasi, wino wa unga wa fotokopi, na la barabarani.

La pili, kipozeo cha prosesa. Ni kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi mapezi kama redieta ya gari, mafundi wanakiita hitisinki. Katikati ya mapezi vumbi lilikuwa limetengeneza blanketi. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu, tena kwa kelele, ila upepo haupiti.

La tatu lilinichekesha kwa uchungu. Kijana akauliza, "Dada, ile plastiki ya kuongozea hewa iko wapi?" Nikamwambia sijui. Akaionyesha kwa mikono ilivyo. Nikageuka nikaitazama mezani. Nilikuwa naitumia kuwekea kalamu! Yule fundi wa pawa saplai aliifungua akaisahau nje, mimi nikaona ni kopo zuri. Kumbe ndiyo bomba linaloelekeza upepo wa feni ya mbele moja kwa moja kwenye kipozeo. Bila hilo, upepo unatawanyika tu ndani ya boksi.

Kwa hiyo fundi akimaliza kazi, hesabu vitu. Plastiki yoyote iliyobaki mezani ina kazi yake.

JINSI YA KUSAFISHA BILA KUHARIBU

1. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe.

2. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa ndani. Mwili unabeba umeme tuli, na umeme huo unaweza kuua ramu au ubao mama bila wewe kuhisi chochote.

3. Ipeleke nje ya ofisi. Ukipulizia ndani, vumbi litaingia kwenye printa.

4. Tumia brashi laini ya rangi ya inchi moja, mpya na kavu, pamoja na bloa. Bloa ishike mbali kidogo, siyo kuisokomeza.

5. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Upepo wa bloa ukiizungusha kwa kasi kubwa unaweza kuua beringi zake.

6. Usitumie kitambaa kibichi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ikigusa vitu vya ndani, inatengeneza umeme tuli.

7. Pawa saplai ipulizie kwa nje tu kupitia matundu yake. Usiifungue. Ndani yake kuna vitu vinavyotunza umeme hata kama umechomoa waya.

Baada ya hapo tukarudisha ile plastiki ya kuongozea hewa, tukafunga ubavu, tukapima ikiwa nje ya kabati. 66.

Kijana akashauri tubadilishe na pesti, maana mashine ni ya miaka mingi. Pesti ni ile dawa inayowekwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite vizuri. Ya zamani inafutwa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu unaweka kidogo tu katikati, kama punje ya mchele au choroko. Siyo unapaka kama siagi kwenye mkate. Skrubu za kipozeo zinakazwa kwa mshazari, moja ya kona hii halafu ya kona ya pili, kidogokidogo, ili kikae sawa. Kama hujawahi, mpe fundi, ila simama uangalie. Tukapima: 61.

MAHALI PA KUIWEKA

Usafi peke yake usingetosha. Ningeirudisha kabatini ilivyokuwa, tungerudi kulekule. Lakini na wezi nawaogopa, siwezi kuiweka wazi. Tukatengeneza kabati.

Fundi seremala akanikatia matundu: upande wa mbele chini ya mlango, na upande wa nyuma juu. Chini mbele hewa inaingia, juu nyuma inatoka, kwa sababu hewa ya moto inapanda yenyewe. Kwa nje tukapiga wavu wa chuma, komeo likabaki.

Zingatia hili: tundu la kuingilia lisiwe dogo kuliko la kutokea. Watu wengi wanatoboa nyuma tu. Hewa haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia. Jaribu kumimina maji kwenye dumu ambalo halina pa kupitishia hewa, utaona linavyokwamakwama.

Kwenye tundu la nyuma nikafunga feni moja used ya kompyuta ya milimita 120, inavuta hewa ya kabatini na kuitupa nje. Feni hizo zinatumia volti 12. Nilikuwa na adapta ya ruta ya zamani ya volti 12, kijana akaunganisha, nyekundu chanya, nyeusi hasi. Kabla ya kuunganisha soma maandishi ya adapta yako, yapo ya volti 5 na 9 pia, na angalia kwamba ampea zake hazipungui zile zilizoandikwa kwenye feni.

Feni inaelekea wapi? Nyingi zina mshale mdogo ubavuni. Kama hakuna, upande wenye stika na vile vijiti vinavyoshikilia mota ndiko upepo unakotokea. Bado una shaka? Chana kipande cha tishu kisogeze karibu. Kikisukumwa, hewa inatoka. Kikivutwa, inaingia. Fanya jaribio hilo kwenye kompyuta yako yote leo, mbele, nyuma na ubavuni, uijue inavyopumua. Kwa boksi nyingi feni ya nyuma inatoa, na pawa saplai ya juu inatoa. Kuna boksi ambazo pawa saplai ipo chini na inavuta kupitia tumboni, hizo usiziweke juu ya zulia.

Mengine niliyobadilisha:

Nyuma ya kabati mpaka ukutani nimeacha nafasi ya kiganja kizima, sentimita 15 hivi.

Kompyuta nimeinua juu ya kijukwaa cha mbao. Sakafuni ndiko vumbi la miguu ya wateja linakokaa.

Fotokopi nimeihamishia upande wa pili. Ndani ya mashine za leza kuna sehemu inayochoma wino kwenye karatasi kwa joto la nyuzi 180 mpaka 200 hivi. Yangu ilikuwa inatolea joto lake ubavuni, palepale kompyuta ilipokuwa inavutia hewa.

Kitambaa cha kufuma nimekitoa. Najua kinapendeza, mama alinifumia mwenyewe. Sasa nakitandika jioni nikishazima na mashine ikishapoa. Mashine inayowaka haifunikwi.

Kwenye tundu la mbele la kabati nimevuta soksi nyepesi ya kike, ile ya nailoni, ikawa chujio la vumbi. Kila Jumamosi naivua, naifua, naikausha. Usiweke kanga wala kitambaa kizito, utakuwa umeziba pua ulizotoka kuzizibua.

Ile feni ya mezani sasa inanipuliza mimi na wateja.

Baada ya kuirudisha kwenye kabati jipya, kazi zikiendelea, saa nane mchana, mlango umefungwa: nyuzi 63. Kutoka 96.

TUPIGE HESABU

Seremala 5,000. Brashi 1,500. Pesti 5,000. Feni used 10,000. Soksi 1,000. Jumla 22,500. Bloa tuliazima, na yule kijana hakuchukua hela, nilimfanyia maombi yake mawili bure tukawa tumemalizana.

Nilitumia 95,000 kutotengeneza, na 22,500 kutengeneza. Pawa saplai ya zamani ilikuwa nzima, ipo stoo mpaka leo.

SI KILA KUZIMA NI JOTO

Usije ukanisoma hapa ukaanza kutoboa meza. Tofautisha kwanza.

Kama monita na vitu vingine vinazima pamoja na kompyuta, angalia umeme, ekstensheni au soketi.

Kama inazima asubuhi na mapema ikiwa ya baridi, au inazima ukigusa waya, hiyo siyo joto.

Kama inazima baada ya kuwaka muda, hasa mchana, hasa kazi zikiwa nyingi, inakataa kuwaka vizuri papohapo, na ikipumzika inarudi, mshuku joto kwanza.

Kama umefanya yote haya na namba ya joto iko chini ya 75 lakini bado inazima, hapo sasa mpe fundi aangalie pawa saplai na ubao mama. Na mwambie namba ulizopima. Fundi akijua unapima, hakubahatishii na hela yako.

Jambo jingine: joto halichoshi prosesa tu, hata hard disk hailipendi. Kazi za wateja ziweke nakala kwenye flashi au diski ya pembeni kila jioni. Mitihani ya shule ya watu ikipotea kwako, shule hiyo hairudi.

UTARATIBU WANGU WA SASA

Kila Jumamosi: soksi na vumbi la nje, dakika kumi.

Kila mwezi: napima joto saa nane mchana, naandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma. Ikipanda nyuzi tano kuliko mwezi uliopita, najua vumbi limeanza kujaa.

Kila miezi mitatu: nafungua ubavu na kusafisha. Ukiwa kando ya barabara ya vumbi, fanya kila miezi miwili.

Kila Novemba mwishoni, kabla ya joto na kabla ya msimu: usafi mkubwa. Usisubiri Januari. Duka la sare halianzi kushona siku shule zinafunguliwa.

Yule kijana alirudi mwezi wa tatu. Alikuwa na bahasha ileile ya vyeti na tangazo jingine la kazi. Ilikuwa saa nane mchana na jua kali. Nikamkalisha, nikamjazia mpaka mwisho, tukabonyeza kutuma, ujumbe wa kupokelewa ukaja. Akatoa hela, nikamwambia aiweke mfukoni. Akauliza, "Umenunua kompyuta mpya, dada?" Nikamwambia hapana, ni ileile. Nimeifungulia dirisha tu.

Kwa hiyo leo kabla hujafunga ofisi, fanya kitu kimoja. Peleka mkono nyuma ya kompyuta yako, usikie ile hewa ya moto, halafu jiulize swali la yule mzee: ikitoka hapo, inaenda wapi?

Kama una mwenzako mwenye steshenari anayelalamika mashine imekuwa nzito mchana, mtumie makala hii kabla hajapiga windo. Biashara njema.